Mama kapasuliwa nyonga, sasa usiku anafukuza kuku wodini. Ni dawa, ni uzee au kuna mkono wa mtu?

Kitukuu wa Mbagala | Jumanne, saa 5:40 usiku

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, mlinzi keshanifukuza mara mbili.

Mama yangu ana miaka 74. Alhamisi aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Jumamosi akapasuliwa, akawekewa chuma. Jumapili asubuhi kaamka vizuri, kaomba uji, kauliza kama nimenunua umeme wa Luku. Usiku wa siku hiyohiyo mambo yakageuka. Anasema kuku wameingia wodini wanadonoa mpunga wake, anawapigia "shii! shii!" kwa mkono wenye dripu mpaka sindano ikachomoka. Mimi ananiita jina la mjomba aliyefariki. Jana asubuhi nikamkuta anaongea vizuri kabisa, nikajiona mzushi mbele ya daktari. Leo jioni kuku wamerudi.

Hajawahi kuugua akili. Dada yangu anasema ganzi ya mgongo imepanda kichwani. Shangazi anasema kuna mtu kamchezea. Jirani wa kitanda cha pili anasema uzee tu. Nesi kasema itaisha yenyewe. Nani kaliona hili?

Mzee wa Vijiwe | saa 5:52 usiku

Pole mkuu. Swali la msingi: kuku wa kienyeji au wa kisasa? Nakaa hapa nasubiri wataalamu.

Nyundo ya Mawe | saa 6:03 usiku

Mzee wa Vijiwe, mama wa mtu anaumwa, acha hizo.

Mkuu, hiyo ni dimenshia, ule usahaulifu wa uzeeni. Bibi yangu alianza hivyohivyo, anatafuta ng'ombe waliouzwa enzi za Mwalimu. Zoeeni tu, hakuna dawa.

Sista Zamu ya Usiku | saa 6:31 usiku

Nyundo, hapo umempoteza mwenzio. Dimenshia huja pole pole, kwa miezi na miaka. Mtu aliyekumbuka Luku Jumapili asubuhi hapati dimenshia Jumapili usiku. Hii inaitwa deliriamu, na si ugonjwa wa akili. Ni ubongo unaolia kwa sababu kuna kitu mwilini hakiko sawa. Tazama alivyosema mwenye uzi: imeanza ghafla, asubuhi nafuu, jioni vurugu. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakowachanganya ndugu na madaktari, maana raundi inapita asubuhi mgonjwa katulia, usiku mnabaki nyie na kuku.

Kitukuu, kesho ukimwona mzungumzishe. Je, anashika unachosema mpaka mwisho wa sentensi, au macho yanahama kufuata kila mtu anayepita? Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume. Kushindwa kushika jambo moja ndiyo alama kubwa, kuliko hata hao kuku. Na ukimwambia daktari usiseme "mama kachanganyikiwa." Sema "mama kabadilika tangu Jumapili usiku, hakuwa hivi." Hilo litamfanya ageuke.

Kitukuu wa Mbagala | saa 6:40 usiku

Asante sista. Mbona nesi wa huku kasema ni kawaida?

Sista Zamu ya Usiku | saa 6:48 usiku

Kweli hutokea sana, hasa kwa wazee waliovunjika nyonga. Ila kutokea sana si sawa na kuachwa. Homa nayo ni ya kawaida na bado tunatafuta imetoka wapi. Simlaumu mwenzangu, mimi zamu yangu ya jana tulikuwa wawili, vitanda thelathini na kitu, na wagonjwa wengine chini kwenye magodoro.

Mpemba Halisi | Jumatano, saa 12:10 asubuhi

Asalaam alaykum. Ndugu yangu, mambo haya yapo na yametajwa. Mtu akiwa dhaifu, katoka damu, yumo katika nyumba wanamofia watu kila siku, ni rahisi kuingiliwa. Marehemu bibi yetu alikuwa akisema na watu ukutani, akasomewa siku tatu, akanywa kombe, ikaisha. Sikwambii uache hospitali. Nakwambia usiache dua.

Mfamasia wa Mtaa | saa 1:25 asubuhi

Dua haina ubishi. Kombe mwulizeni daktari kwanza, mtu aliyelala chali akipaliwa maji yanaingia kwenye mapafu.

Halafu Mpemba, siku tatu ndizo hizohizo ambazo wengi hutulia chanzo kikipata dawa. Bibi alikuwa anapewa nini kingine siku hizo?

Mpemba Halisi | saa 1:31 asubuhi

Sindano za malaria.

Mzee wa Vijiwe | saa 1:33 asubuhi

😂😂 Basi jini lilikuwa na mbawa na linauma usiku.

Mpemba Halisi | saa 1:36 asubuhi

Cheka tu. Nani aliyekwambia sababu lazima iwe moja?

Mfamasia wa Mtaa | saa 1:50 asubuhi

Turudi kwa mama. Kitukuu, piga picha dawa ZOTE, za hospitali na zile zilizo kwenye mkoba wake. Usifiche hata moja.

Kitukuu wa Mbagala | saa 3:15 asubuhi

Nimeangalia. Hospitali: tramadoli ya maumivu, antibiotiki ya sindano, sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda. Mkoba wa mama: dawa ya presha anaita "bendro", amitriptilini ya miguu kuwaka moto (aliandikiwa zamani), na Piriton, ile ya mafua na mzio. Dada kakiri kuwa amekuwa akimpa Piriton mbili usiku "apate usingizi" tangu Jumapili.

Mfamasia wa Mtaa | saa 3:22 asubuhi

Tangu Jumapili. Umeona?

Piriton na amitriptilini zote zinazuia kemikali ileile ambayo ubongo unaitumia kushika mambo, na ubongo wa mzee hauna akiba. Kijana akinywa Piriton anasinzia tu, bibi wa miaka 74 aliyetoka kupasuliwa anaona kuku. Weka tramadoli juu yake. Mwambie dada aache leo, na amitriptilini mwonyesheni daktari aamue yeye, msiikate wenyewe. Mimi kesi nimefunga.

Dada wa Leicester | saa 4:05 asubuhi

Usifunge kesi mapema, kaka. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Uingereza, na kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba sababu huja kwa kundi. Maumivu yenyewe yakiachwa bila dawa nayo yanaleta deliriamu, kwa hiyo msikimbilie kumnyima tramadoli akabaki anaungua. Mwombeni daktari apange upya.

Huku kuna kipimo kinaitwa 4AT, kilitokea Edinburgh, hakichukui hata dakika mbili. Unaangalia kama mgonjwa yuko macho sawasawa. Unamwuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, yuko wapi, mwaka gani. Unamwambia ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Na unauliza ndugu kama mabadiliko yameanza karibuni. Alama 4 na kuendelea, unaita daktari.

Mwalimu Mstaafu | saa 4:40 asubuhi

Dada wa Leicester, kipimo kizuri lakini kikiletwa kwetu kinahitaji kunyooshwa. Mama yangu mzazi alizaliwa "mwaka wa nzige", hiyo ndiyo tarehe yake, alikuwa na akili timamu na angefeli. Na miezi kurudi nyuma kwa Mswahili ni nini? Mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Anahesabu namba tu! Mzungu anavuta majina, huyu anashuka ngazi. Siku za wiki alizosema Sista ni mtihani wa haki zaidi, ingawa Jumatano, Jumanne, Jumapili... aa, hata mimi nimeruka Jumatatu, na sijalazwa.

Mzee wa Vijiwe | saa 4:44 asubuhi

Mwalimu, nenda kapimwe 😂

Mkimbiaji wa Eldoret | saa 5:18 asubuhi

Poleni. Nisahihishe jambo, watu humu wanaongea kama hii ni shida ya wazee pekee. Ndugu yangu mdogo ana miaka 26, alilazwa na malaria kali mwaka jana. Alikuwa anaamuru wodi nzima ipande matatu, gari linaondoka. Tulimshika watu wanne. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka sana. Daktari alimwekea glukosi kwa mshipa na kabla dripu haijafika nusu alikuwa ananiuliza mbona nimemkalia miguu.

Tangu siku hiyo mtu yeyote akianza kuropoka, mimi swali langu la kwanza ni moja: mmepima sukari?

Sista Zamu ya Usiku | saa 5:40 asubuhi

Mkimbiaji kasema kweli tupu. Malaria kali inashusha sukari yenyewe, na kwinini ya dripu tuliyokuwa tunatumia zamani ilikuwa inaizidisha. Siku hizi sindano ya kwanza ni artesuneti.

Na kwa mgonjwa yeyote mwenye homa anayeropoka, hasa kijana, homa ya uti wa mgongo isisahaulike. Asiambiwe ana malaria ya kichwani kwa kukisia tu.

Chapa Kazi | saa 7:02 mchana

Mimi nilikuwa na jirani, mzee wa gongo. Alivunjika mguu, siku ya tatu wodini akaanza kutetemeka, jasho, anaokota vijidudu kwenye shuka. Wakasema karogwa. Nikawaambia, huyu hajarogwa, huyu hajanywa.

Nyundo ya Mawe | saa 7:10 mchana

Hahaha! Sasa dawa yake wamletee gongo?

Sista Zamu ya Usiku | saa 7:35 mchana

Msifanye hivyo. Ila Chapa Kazi kagusa kitu kizito. Mlevi wa kila siku akikatishwa ghafla, kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kufika huko, na inaua. Hapo diazepamu ndiyo dawa, pamoja na vitamini B1. Wakati kwa mama wa Kitukuu diazepamu ingemzidishia. Kelele ni ileile, dawa mbalimbali. Ndiyo maana tunauliza maswali ya aibu mnapoleta mgonjwa. Mtu akisema "baba hanywi kabisa" kwa sababu mchungaji kasimama pembeni, baba ndiye anayelipa.

Kitukuu wa Mbagala | saa 11:50 jioni

Mrejesho. Leo nimekwenda na maneno ya Sista: "Kabadilika tangu Jumapili usiku." Daktari wa zamu, kijana tu, akakaa kitandani. Akamwambia mama ataje siku kinyumenyume. Mama akasema "Jumamosi, Ijumaa..." kisha akaangalia dirisha, akasema "huyo jogoo ndiye mbaya wao." Daktari hakucheka. Kaagiza vipimo vya damu, mkojo, sukari, kapima hewa kwa kile kibanio cha kidole.

Halafu kitu ambacho sitakisahau. Akashika tumbo la chini, mama akaguna. Akafuata mpira wa mkojo kwa mkono mpaka chini ya kitanda. Nikainama naye. Mpira ulikuwa umekunjika, umebanwa na chuma cha ule ubavu wa kitanda unaopandishwa ili asianguke. Mfuko una mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Alipouachia, mkojo ulishuka mpaka tukawa tunatazamana. Baada ya dakika kumi mama akalala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi.

Nani aliupandisha ubavu ule bila kutazama? Sijui. Inawezekana ni mimi.

Mzee wa Vijiwe | saa 12:01 jioni

Leo sina utani. Mungu amlaze... samahani, amlaze USINGIZI mwema 🙏

Mfamasia wa Mtaa | saa 12:09 jioni

Nimefungua kesi upya 😅 Ila Piriton nayo inafanya kibofu kisisukume mkojo, kwa hiyo bado nina hisa zangu.

Dada wa Leicester | saa 12:30 jioni

Mwulizeni daktari na huo mpira wenyewe, kama bado unahitajika. Wengi wanawekewa kwa ajili ya upasuaji, kisha unasahaulika.

Kitukuu wa Mbagala | Alhamisi, saa 4:20 asubuhi

Majibu yametoka. Sukari sawa. Sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, iko chini. Mkojo una bakteria. Daktari kasimamisha bendro na kuanza dawa ya mkojo.

Nyundo ya Mawe | saa 4:31 asubuhi

Basi tumepata: UTI. Uzi ufungwe.

Sista Zamu ya Usiku | saa 5:02 asubuhi

Ungejua ni kina mama wangapi wa umri huo wana bakteria kwenye mkojo, wanapika, wanafua, hawaoni hata sisimizi! Bakteria kuonekana si ushahidi kwamba ndiye mwizi. Ila alikuwa na mpira, na mkojo umesimama, kwa hiyo sipingi dawa.

Kwangu mimi sodiamu inanitia shaka zaidi. Bendro inajulikana kwa kuiteremsha kwa wazee, hasa mtu akiwa hali vizuri.

Mwalimu Mstaafu | saa 5:30 asubuhi

Mnamsahau dada yake na nadharia ya ganzi. Mimi nilipasuliwa busha kwa ganzi ya mgongo, nikaongea upuuzi usiku kucha.

Mfamasia wa Mtaa | saa 5:41 asubuhi

Mwalimu, mwaka 2021 zilitoka tafiti mbili kubwa zilizolinganisha ganzi ya mgongo na usingizi kamili kwa wazee waliovunjika nyonga. Deliriamu haikutofautiana. Upuuzi wako huo tuutafutie chanzo kingine.

Mwalimu Mstaafu | saa 5:55 asubuhi

Nimekubali kushindwa, lakini si kwa busha.

Mambo ya lugha kidogo, maana hili neno deliriamu linaniwasha. Kilatini *lira* ni tuta au mfuo wa shamba, na *delirare* ni kutoka nje ya mfuo wakati wa kulima. Ng'ombe kaacha mstari. Sisi tunayo kuweweseka, kupayapaya na maruweruwe, na kila moja linashika kipande. Anayeona kuku ana maruweruwe. Anayesema ovyo anapayapaya. Yule aliyenyamaza tu, kalegea, tumwiteje?

Sista Zamu ya Usiku | saa 6:20 mchana

Mwalimu, umelenga penyewe, na huyo ndiye ninayemwogopa. Anayepiga kelele anapata daktari. Anayenyamaza anasifiwa.

Baba yangu mdogo alilazwa na nimonia wakati mimi bado mwanafunzi. Kila tukifika tunaambiwa "mzee wenu hana shida kabisa, mpole." Mtu yule alikuwa dalali! Alikuwa anaweza kubishana na redio. Sasa kalala, anatazama dari, uji umeganda kwenye kikombe, ukimwita anajibu baada ya muda "ee" kisha anarudi huko alikokuwa. Tukafurahi anapumzika. Siku ya nne tukaambiwa hewa haimtoshi. Alipona, lakini hakuwa yuleyule tena, hesabu zikawa zinamtoroka.

Hiyo nayo ni deliriamu, ileile, imekaa kimya. Kila nikipita na tochi usiku simwamini mgonjwa mpole.

Dada wa Leicester | saa 6:45 mchana

Na kinachosaidia wengi hakiuzwi duka la dawa. Miwani yake, kifaa cha masikio kama anacho, meno yake ya bandia, maji ya kunywa, kukalishwa kwenye kiti mchana, taa izimwe usiku, sura anayoijua. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 1999, Profesa Sharon Inouye na wenzake, wazee 852. Waliohudumiwa hivyo asilimia 9.9 walipata deliriamu, wengine asilimia 15. Kwa hiyo Kitukuu fanya hayo, atapona haraka.

Mfamasia wa Mtaa | saa 6:58 mchana

Dada, utafiti huo ulionyesha kuzuia. Kwa walioshaingia humo ukali haukupungua sana. Tusimwahidi zaidi ya ilivyo.

Dada wa Leicester | saa 7:04 mchana

Sawa, nimesahihishwa. Miwani lakini haigharimu kitu.

Kitukuu wa Mbagala | saa 7:30 mchana

Miwani iko nyumbani!! Tangu Alhamisi ile ya ajali. Hakuna aliyeikumbuka. Natuma bodaboda.

Na swali: jana usiku kuna mtu alimfunga mikono kwa bendeji kwenye kitanda. Nimefungua. Nimekosea?

Sista Zamu ya Usiku | saa 7:48 mchana

Hujakosea, ila kaa hapo umshike mkono. Kamba inamwongezea hofu, anapambana zaidi. Wanafunga kwa sababu akianguka usiku nyonga ya pili inakwenda. Omba kwa matroni ruhusa ya ndugu mmoja kulala naye. Ongea kwa adabu, taja sababu, wengi wanakubali. Kuna watakaotaka kumchoma haloperidoli atulie. Kidogo, akihatarisha mwili wake, inatumika, lakini haiondoi deliriamu yenyewe.

Mpemba Halisi | saa 8:15 mchana

Msomeeni na Yasini basi, kwa sauti ya chini. Sauti anayoijua, si ndiyo hiyo ya Leicester?

Sista Zamu ya Usiku | saa 8:17 mchana

Hapo tumekutana, ndugu yangu.

Kitukuu wa Mbagala | Jumatatu, saa 2:05 usiku

Mama karudi kuwa mama, ingawa jioni bado anachelewa kujibu. Ijumaa kuku walibaki wawili, Jumamosi mmoja, jana hakuna. Daktari anasema ni sodiamu. Mfamasia najua atasema Piriton. Shangazi anasema ni mganga mmoja wa Mkuranga aliyemlipa bila kutuambia. Dada haongei. Mimi nikifumba macho naona ule mpira uliokunjika.

Kitu kimoja, anakumbuka. Nilidhani atasahau. Kaniambia kwa sauti ndogo aliogopa sana, na kilichomuuma si kuku, ni sisi kumwambia hakuna kuku huku anawaona.

Mzee wa Vijiwe | saa 2:12 usiku

Mkuu hongera. Mpeleke mchuzi wa samaki, usithubutu kumpelekea wa kuku.

Chapa Kazi | saa 2:40 usiku

Samahani kuingilia. Nimesoma uzi wote nikakosa raha. Baba yangu kalazwa tangu Ijumaa, figo. Kesho ilikuwa niende. Ndugu wanasema katulia sana, hasumbui mtu.

Sista Zamu ya Usiku | saa 2:43 usiku

Kabla ya Ijumaa alikuwa mtu wa namna gani?

Chapa Kazi | saa 2:44 usiku

Wa kutukana refa kwenye runinga mpaka mechi iishe. Jana Yanga imecheza, wakamwekea simu aangalie, hakuuliza hata matokeo.

Sista Zamu ya Usiku | saa 2:45 usiku

Usingoje kesho. Nenda sasa hivi, na mlangoni waambie siku aliyobadilika.

Chapa Kazi | saa 2:46 usiku

Niko kwenye boda.